Ndani ya Sponji: Kwa Nini Godoro Gumu Silo Linalobeba Mwili

Ingia duka lolote la magodoro Kariakoo, Mwanza au Eldoret, muuzaji atataka kwanza kujua futi na inchi. Tano kwa sita, inchi nane. Nne kwa sita, inchi sita. Ukishamtajia, atalibonyeza godoro kwa kiganja, atalipiga kofi mara mbili, kisha atasema: "Hili hai densiti, gumu kabisa, halibonyei hili." Kauli hiyo fupi ina mambo matatu ndani yake yasiyofanana hata kidogo, na kuyachanganya ndiko kunakotuponza. Mtu anajikusanya miezi kadhaa, ananunua godoro la bei, mwaka haujaisha limefanya shimo katikati. Mwingine lake halina shimo lolote, liko vilevile kama lilivyotoka dukani, ila kila asubuhi anaamka bega limekufa ganzi na kiuno kinauma.

Mambo yenyewe ni densiti, ugumu, na uwezo wa kubeba mwili. Densiti inakuambia kuna malighafi kiasi gani ndani ya godoro. Ugumu unakuambia sponji inakataa kiasi gani unapoanza kuibonyeza. Uwezo wa kubeba unahusu kinachotokea chini zaidi, pale nyonga inapokuwa imeshazama: je, sponji inaanza kukushikilia, au inaendelea kukuachia mpaka ugote kwenye chaga? Sehemu kubwa ya ubunifu wa magodoro kwa miaka sitini iliyopita ni kazi ya kuvitenganisha vitu hivi vitatu, ili kila kimoja kirekebishwe bila kukiharibu kingine.

Sponji inavyozaliwa

Kabla ya sponji tulikuwa na sufi, pamba na usumba. Vyote hushindiliwa na mwili kadiri siku zinavyokwenda, na dawa yake ilikuwa kulifumua godoro, kuichambua sufi juani na kuijaza upya. Hatua ya kwanza ya kuachana na kazi hiyo ilipigwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1929, pale mtafiti wa kampuni ya Dunlop aitwaye E. A. Murphy alipoupigapiga utomvu wa mpira mpaka ukaumuka, kisha akaugandisha. Hayo ndiyo magodoro ya lateksi, na mbinu yake inatumika hadi leo. Lakini sponji nyingi tunazolalia sisi ni za poliyurethani, plastiki iliyogunduliwa na mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen mwaka 1937. Sponji laini ya kulalia ilianza kutengenezwa kibiashara katika miaka ya 1950.

Inatengenezwa kwa vimiminika viwili vikuu, polioli na isosianati, pamoja na maji kidogo, silikoni, na vichocheo vya amini na bati. Vikikutana, kazi mbili zinaanza kwa wakati mmoja. Maji yanashambuliana na isosianati na kutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayoumua. Polioli nayo inaungana na isosianati kujenga kuta za mapovu. Ufundi wote uko katika kuzifanya kazi hizi mbili ziende sambamba. Kuta zikichelewa kukaza, hewa inatoroka na bonge lote linaporomoka. Zikiwahi mno, mapovu yanabaki yamefungwa, na bonge likipoa linasinyaa na kujikunja pembe.

Katika viwanda vidogo kazi hii hufanyika ndani ya boksi kubwa la mbao. Mchanganyiko unamiminwa, ndani ya sekunde chache unapauka na kuwa mweupe, kisha unaanza kupanda ukutani mwa boksi. Baada ya dakika mbili hivi umefika juu, na hapo hutokea jambo ambalo fundi hulisubiri kwa macho makali: uso mzima wa bonge unapumua. Vipovu vidogo vinapasuka kila mahali kwa mara moja, mvuke unatoka, na bonge linashuka kidogo. Ni ngozi nyembamba kati ya povu na povu zimechanika, zikabaki nguzo zake tu. Kuanzia hapo sponji ni wavu wa nguzo nyembamba zilizounganika pande zote, na hewa inapita katikati yake. Bonge lisilopumua ni hasara.

Nguzo hizo ni chache kuliko unavyodhani. Godoro la densiti ya kilo 25 kwa mita ya ujazo limetengenezwa kwa plastiki ambayo yenyewe, ikiwa imara bila mapovu, ina uzito wa karibu kilo 1,200 kwa mita hiyohiyo. Maana yake asilimia 98 ya ulichobeba kichwani kwenda nacho nyumbani ni hewa. Hizo mbili zilizobaki ndizo zinazofanya kazi yote.

Kiwanda kinachotaka sponji nyepesi huongeza maji ili hewa iwe nyingi, lakini maji yakizidi joto nalo linazidi. Katikati ya bonge jipya joto hupita nyuzi 150 za Selsiasi, na kwa kuwa sponji ni kizuizi kizuri cha joto, halina pa kutokea. Ndiyo sababu mabonge huachwa yametengana usiku kucha kabla ya kukatwa. Yakirundikwa yakiwa na moto yanaweza kujiwasha yenyewe. Zamani viwanda vilipunguza joto hilo kwa gesi za CFC, hadi Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulipoanza kuziondoa sokoni kwa sababu ya madhara yake kwa tabaka la ozoni. Siku hizi baadhi ya viwanda huingiza hewa ya ukaa iliyogeuzwa kimiminika, ikaumua bila kuongeza joto.

Densiti, na mzani wa dukani

Sasa densiti inaeleweka: ni wingi wa malighafi ya nguzo ndani ya nafasi ile. Nguzo zikiwa nene, hazikatiki upesi. Kwa hiyo densiti ni habari ya maisha ya godoro kuliko habari ya jinsi unavyolihisi usiku wa kwanza.

Kitu kizuri ni kwamba huhitaji maabara kuipima. Zidisha futi kwa futi kwa inchi. Tano kwa sita kwa nane ni 240. Chukua uzito wa godoro kwa kilo, zidisha kwa 424, gawa kwa 240. Godoro la kilo 14 litakupa densiti ya karibu 25. La kilo 10 litakupa chini ya 18, na hilo, kwa mtu mzima anayelala kila siku, halina umri. Kwa nne kwa sita inchi sita, gawa kwa 144. Kilo nane na nusu hapo ni densiti ya 25. Toa kilo moja hivi kwa ajili ya kitambaa, au zaidi kidogo kama kitambaa ni kizito na kimeshonewa sponji nyembamba. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakasirika ukiomba mzani.

Mzani una mipaka miwili. Wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa kwenye polioli. Chokaa inaongeza kilo bila kuongeza nguvu. Chembe zake hukaa ndani ya nguzo na kuzifanya zikatike kirahisi zaidi. Sponji ya namna hiyo ukiisugua mahali ilipokatwa mara nyingi hubakiza vumbi kidoleni, nayo huchanika kama mkate mkavu. Pili ni sponji ya kusaga, ile yenye vipande vya rangi mchanganyiko vilivyogandishwa kwa gundi. Hii huwa nzito sana, mara nyingi zaidi ya kilo 60 kwa mita ya ujazo, na si mbaya kama tabaka la chini kabisa. Kuilalia yenyewe moja kwa moja ni kulala juu ya ubao uliovikwa kitambaa.

Ugumu ni jambo jingine

Ugumu hupimwa kwa sahani ya duara yenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, inayosukumwa ndani ya sponji mpaka ifike asilimia 40 ya unene wake. Nguvu iliyotumika ndiyo ugumu. Mkemia anaweza kuubadili bila kugusa densiti: anaongeza isosianati kidogo, au anatumia polioli iliyotiwa chembe za plastiki ngumu. Densiti ileile ya 25 inaweza kuwa sponji laini ya kutengenezea mto, na inaweza kuwa ngumu ya kutengenezea kiti. Kinyume chake pia kipo, na ndicho kinachotuumiza: sponji ya densiti ya 16 iliyokazwa kikemia. Dukani inajibu kofi la muuzaji kwa ujasiri wote. Nguzo zake ni ngumu lakini nyembamba, na kila unapogeuka usiku baadhi yake zinakatika. Baada ya miezi kadhaa mahali pa nyonga pamelegea, kandokando kungali kugumu. Hapo ndipo shimo linapotoka.

Kipimo cha kimataifa cha uchovu wa sponji huigiza kisa hicho kwa haraka: sahani huipiga sponji mara 80,000 kwa nguvu ya newtoni 750, sawa na uzito wa mtu wa kilo 76 hivi, kisha hupimwa imepoteza ugumu na unene kiasi gani. Kingine huibana sponji mpaka robo tu ya unene wake, ikawekwa kwenye joto la nyuzi 70 kwa saa 22, halafu ikaachiwa ionekane itarudi wapi. Kiwanda kinachoweza kukuonyesha matokeo ya vipimo hivi viwili kinakuambia jambo la maana kuliko dhamana ya miaka kumi iliyochapwa kwenye nailoni.

Na hali ya hewa yetu imo katika hesabu hii. Nguvu ya poliyurethani inategemea vifungo vidogo kati ya molekuli zake, na vifungo hivyo hulegezwa na joto likishirikiana na unyevu. Godoro la Tanga au Mombasa, linalopokea jasho kila usiku katika chumba cha nyuzi 29, huchoka upesi kuliko ndugu yake aliyeko Njombe. Wengi wetu tunaliongezea mzigo kwa kuliacha ndani ya nailoni lililokuja nayo, eti lisichafuke. Nailoni inazuia sponji isikauke. Pia inafanya jambo jingine ambalo nitalirudia nikifika kwa wagonjwa.

Kinachobeba mwili

Jaribio lililofungua macho ya madaktari wengi lilifanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2003. Watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na maumivu machache zaidi kitandani na ulemavu mdogo zaidi wa shughuli za kila siku. Mpaka wakati huo ushauri uliozoeleka kwa mgonjwa wa mgongo ulikuwa godoro gumu, tena baadhi waliambiwa waweke ubao chini yake. Ushauri huo bado unatolewa kwetu.

Sababu inaonekana ukimtazama mtu aliyelala ubavu. Mabega ni mapana, nyonga ni pana, kiuno kimeingia ndani. Godoro gumu linagusa bega na nyonga tu. Kiuno kinaning'inia bila kitu chini yake, na misuli inafanya kazi usiku kucha kukishikilia. Godoro laini mno linaachia nyonga, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, izame kupita bega, na uti wa mgongo unapinda upande wa pili. Kinachotakiwa ni kitu kinachoachia mwanzoni na kukataa baadaye.

Hilo ndilo jambo la tatu, na lina namba yake. Hupimwa kwa kulinganisha nguvu inayohitajika kuibonyeza sponji asilimia 65 na ile ya asilimia 25. Sponji ya kawaida hutoa uwiano wa karibu 2 au chini. Sponji za mnepo wa juu, zilizoanza kuendelezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya viti na magari, hufika 2.4 na zaidi. Mapovu yake hayalingani, makubwa kwa madogo. Yale dhaifu yanakubali mapema, na yaliyobaki yanasimama. Unaweza kuzitambua kwa mpira mdogo wa chuma: ukidondoshwa kutoka nusu mita, sponji ya kawaida huurudisha karibu asilimia 40 ya kimo hicho, ya mnepo wa juu huelekea 60. Mkono nao unatosha. Bonyeza kwa ngumi polepole mpaka chini. Kama ilikataa mwanzoni halafu ghafla ikaachia, usiichukue. Kama iliachia kidogo kisha ikazidi kukataa kadiri unavyoshuka, hiyo ndiyo.

Njia nyingine ya kufika hapohapo ni matabaka. Chini sponji ya densiti kubwa inayobeba, juu inchi mbili za sponji laini inayopokea bega. Mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta nazo zimewezesha kuchonga mifereji kwenye eneo la bega na kuliacha la kiuno zima, ili godoro la sponji moja liwe na maeneo matatu au matano. Wazo ni zuri kwa sharti moja linalosahaulika: maeneo hayo lazima yaangukie mwili wako. Mtu wa futi tano na mtu wa futi sita hawana bega mahali pamoja. Wajapani wa Airweave walilitatua kwa kuligawa godoro vipande vitatu vinavyotenganishwa, vya bega, kiuno na miguu, kila kimoja kina ugumu wake na kinaweza kugeuzwa au kubadilishana nafasi. Magodoro hayo ndiyo waliyolalia wanariadha kijijini mwao kwenye Olimpiki ya Tokyo na ya Paris 2024, juu ya vitanda vya karatasi ngumu. Ndani yake hamna sponji, ni nyuzi za plastiki zilizosokotana ovyoovyo, hewa inapita na unaweza kuziosha kwa maji. Kwa mtu wa pwani, hili linanivutia kuliko mengi.

Kumbukumbu ya NASA na joto letu

Memori fomu, sponji inayobaki na alama ya mwili kwa muda, ina sifa kubwa, na historia yake ni ya kweli. Mwaka 1966 mhandisi Charles Yost, chini ya mkataba wa Ames, kituo cha utafiti cha NASA (shirika la anga la Marekani) huko California, alitengeneza sponji ya viti vya ndege ambayo ingemlinda abiria wakati wa ajali na kumpunguzia mbano kwenye safari ndefu. Iliachiwa umma miaka ya 1980, na Fagerdala ya Uswidi ikaifanya godoro mwaka 1991, bidhaa ambayo dunia iliijua kwa jina la Tempur.

Tofauti yake iko kwenye joto. Katika sponji ya kawaida, minyororo ya molekuli imelegea tayari kwenye joto la chumba, ndiyo maana ukiiachia inaruka. Katika memori fomu minyororo hiyo iko ukingoni mwa kuganda. Joto la mwili linailegeza pale tu ulipogusa, sponji inatiririka polepole kufuata umbo lako, na uzito unasambaa kwenye eneo kubwa. Ukiinuka, alama ya mkono inabaki sekunde kadhaa kabla haijajaa.

Ukingo huo ndio uzuri wake na ndio udhaifu wake. Usiku wa Julai huko Makete, chumba kikiwa nyuzi kumi, godoro la namna hii ni gumu unapolipanda na linachukua muda kulegea. Dar es Salaam mwezi Februari limeshalegea kabla hujalala, na ule mshiko wake mzito haupo kama ulivyokuwa kwenye chumba cha maonyesho chenye kiyoyozi. Zaidi ya hayo, sponji inayokufumbata pande zote inaziba njia ya joto lako kutoka.

Watengenezaji wamejibu kwa mapovu yaliyofunguka zaidi, kwa chembe za jeli, na kwa nta iliyofungiwa katika vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, inayoyeyuka kwenye joto la ngozi na kumeza joto ikiyeyuka. Nta hiyo inafanya kazi kweli, ila tupige hesabu. Gramu 300 humeza takriban kilojuli 60. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 au 80. Hata tukisema 25 tu ndizo zinazoshuka godoroni, nta itakuwa imeyeyuka yote baada ya dakika 40. Baada ya hapo ni sponji ya kawaida mpaka asubuhi. Jeli unaihisi baridi ukiigusa kwa kuwa nayo inanyonya joto lako, na ubaridi huo unakwisha upesi zaidi. Kwa pwani yetu, fedha hiyo ni bora iende kwenye densiti, shuka ya pamba, na chaga zinazopitisha hewa.

Chaga zenyewe zina neno. Zikiachana zaidi ya upana wa kiganja, sponji inazama katikati yake na nguzo za pale zinakatika; watu wengi hulaumu godoro kwa kosa la kitanda. Ubao mzima unazuia hilo, lakini unazuia na hewa, kwa hiyo utobolewe matundu.

Kwa asiyeweza kugeuka

Mpaka hapa tumezungumzia usingizi. Kuna watu ambao kwao umbo la sponji ni suala la ngozi kubaki nzima: aliyepata kiharusi, aliyeumia uti wa mgongo, mzee ambaye nguvu zimekwisha. Sisi tunageuka usiku bila kujua, wao hawawezi.

Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu. Mwaka 1930 Mmarekani Eugene Landis alipima mgandamizo wa damu katika mishipa midogo kabisa ya vidole na kupata karibu milimita 32 za zebaki upande inakoingilia. Namba hiyo imetumika tangu wakati huo kama kipimo cha tahadhari, ingawa kwa mgonjwa aliyedhoofika hata mgandamizo mdogo kuliko huo unaweza kudhuru. Ukikaa juu ya kiti cha ubao, chini ya mifupa miwili ya kukalia mgandamizo huipita namba hiyo kwa mbali. Ludwig Guttmann, aliyefungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alisisitiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa wa kufa kwa vidonda na maambukizi wakaanza kuishi.

Mengi ya ubunifu tunaouona madukani yalianzia kwa watu hawa. Ndugu Tony na Terry Pearce wa Utah, Marekani, walitumia miaka mingi kwenye mito ya viti vya magurudumu na vitanda vya hospitali kabla wazo lao halijawa godoro la Purple. Lao ni gridi ya mpira wenye unyumbufu mkubwa, kuta nyembamba zilizosimama wima. Mzigo ukiwa mdogo kuta zinasimama. Ukifika kiwango fulani, kama chini ya mfupa, kuta zinapinda na kuuachia mfupa ushuke, na kazi ya kubeba inahamia kwenye nyama iliyo pembeni.

Mto wa sponji wa kiti cha magurudumu unafuata akili hiyohiyo kwa gharama ndogo sana. Mafundi wanaosomea kazi hii TATCOT, chuo kilicho katika hospitali ya KCMC, Moshi, hufundishwa kuchonga msingi wa sponji ngumu: mbele paja lishikiliwe, nyuma kuwe na bonde mahali mifupa ya kukalia inapoangukia, kisha juu yake tabaka la sponji laini. Mzigo unahamia kwenye mapaja, ambako nyama ni nyingi na mfupa uko mbali. Ni kazi ya kisu kikali, rula na sponji mbili zilizochaguliwa vizuri, na inaweza kumwepusha mtu na miezi ya kulazwa.

Namna ya kuukagua mto huo imo katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, na kila anayeuguza anaweza kuijifunza. Mtu akiwa amekaa, ingiza vidole chini ya mfupa wa kukalia, kati yake na mto. Ukiweza kuichezesha ncha ya vidole juu na chini kwa milimita tano au zaidi, ni salama. Ukishindwa kuvichezesha lakini vinatoka kwa urahisi, ni onyo. Vikibanwa, mto huo haufai, ubadilishwe au urekebishwe.

Kwa kitanda upo ukaguzi unaofanana, unaofaa zaidi pale mlipotandika sponji ya ziada juu ya godoro la kawaida. Ingiza mkono chini ya sponji hiyo, kiganja kikitazama juu, mahali mfupa wa juu ya makalio ulipolalia. Usipohisi angalau inchi moja ya sponji isiyobanwa kati ya mkono wako na mwili, mgonjwa amegota. Tafiti nyingi zilizolinganishwa zinaonyesha kuwa magodoro ya sponji ya kiwango cha juu hupunguza vidonda ukiyalinganisha na sponji ya kawaida ya hospitali, kwa hiyo kama ukoo unachanga, mchango uanze na godoro.

Halafu tazama kilicho juu yake. Nailoni niliyoitaja, makintoshi (shuka la mpira) iliyovutwa na kukazwa, shuka iliyochomekwa mpaka inalia, vyote vinatengeneza uso usionyumbuka. Sponji iliyo chini inataka kuufuata mwili, uso huo unaizuia, na mfupa unabaki umekaa juu ya kitambaa kilichokazwa. Makintoshi ikihitajika, ilegezwe, na iwe ndogo ya eneo la haja tu. Visigino viinuliwe kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu ili visiguse chochote, kwa maana hapo mfupa uko karibu na ngozi mno na hakuna sponji inayotosha. Na kugeuza kuendelee. Godoro bora linaongeza muda kati ya zamu na zamu, haliiondoi zamu yenyewe. Kila unapomgeuza tazama ngozi ya pale alipolalia, na kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu. Gusa uone kama pana joto kuliko pembeni, kama pamekakamaa au pamelegea, kama rangi imezidi weusi. Ukiona mojawapo, asilalie upande huo mpaka ngozi irudi kuwa sawa, na nesi aambiwe siku hiyohiyo.